Njaa ya Majuu: Marekani Inatupa Chakula Kila Siku, na Bado Wasee Milioni 47 Hawana Uhakika wa Dishi

Novemba 2025 ilianza na soo kubwa Marekani. Wasee waliokuwa wakingoja doh ya chakula ya mwezi huo walicheki kadi zao wakapata hakuna kitu. Si kadi ya benki naongelea. Ni kadi ya SNAP, ile programu ya sirkal inayowasaidia watu wa kipato kidogo kununua chakula. Inategemewa na watu karibu milioni 42, yaani mtu 1 kati ya kila 8 katika nchi hiyo.

Kilichotokea ni siasa. Sirkal ya Marekani ilikuwa imefungwa tangu Oktoba 1 kwa sababu Congress ilishindwa kukubaliana kuhusu bajeti. Ofisi zimefungwa, wafanyakazi wa sirkal wanapiga mboka bila mshahara, na ikifika mwisho wa mwezi utawala wa Trump unasema hela za SNAP zimeisha. Majaji wawili wakaamuru pesa ya dharura itumike. Sirkal ikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Vuta nikuvute iliisha tu Novemba 12, sirkal ilipofunguliwa baada ya siku 43, muda mrefu kuliko wote katika historia yao hadi wakati huo. Kwa hizo siku, mistari ya benki za chakula ilijaa, na baadhi ya waliosimama humo walikuwa wafanyakazi wa sirkal yenyewe.

Sasa, ukiwa umekaa Umoja ama Githurai na ndoto yako ni kuruka majuu, hii story inachanganya. Si huko ndiko doh iko? Si huko ndiko watu wanatupa pizza nzima kwa takataka?

Ndiyo. Doh iko, na pizza inatupwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula cha nchi hiyo hupotea bila kuliwa. Hao ndio wakulima nambari moja wa mahindi duniani, na zaidi ya theluthi moja ya hayo mahindi inapelekwa viwandani. Inageuzwa mafuta ya magari. Kwa hivyo hapa hatuongelei ukame, hatuongelei nzige, hatuongelei vita.

Lakini mwaka wa 2023 wizara hiyo hiyo ilihesabu watu milioni 47.4 wanaoishi katika nyumba ambazo hazina uhakika wa chakula. Kumbuka sensa yetu ya 2019 ilipata Wakenya milioni 47.6. Yaani chukua Kenya nzima, kutoka Vanga hadi Lokichoggio, iweke ndani ya Marekani, halafu iambie haijui kama itadishi vizuri hadi mwisho wa mwezi.

Tusidanganyane lakini. Kukosa uhakika wa chakula si lazima iwe ni mtu amelala chini amekonda kama zile picha za habari. Ni mathe anayejiambia "mimi sina njaa leo" ndio sahani ya mtoi itoshe. Ni kununua noodles kwa sababu mboga imepanda. Ni kuruka lunch kuanzia tarehe 20. Katika hesabu hiyo, familia milioni 6.8 zilikuwa kwa kundi baya zaidi, pale mtu anapunguza kabisa anachokula ama anaruka milo kwa sababu hana ganji. Na hapa kuna kitu kinachekesha kidogo: mwaka wa 2006 wizara iliacha kulitumia neno "njaa" kwa makundi yake. Siku hizi wanasema "uhakika wa chakula wa chini sana." Sirkal zote duniani ni moja bana, zinajua kupaka maneno mafuta.

Najua swali lako linalofuata. SNAP inalipa ngapi? Mwaka wa 2024 wastani ulikuwa kama dola 187 kwa mtu kwa mwezi. Ukibadilisha kwa shilingi ni kama 24 thao. Nakuona ukiruka kwa kiti. 24 thao ya chakula peke yake, ya bure? Kuna watchie na kuna mama fua hapa Nairobi ambao mshahara wao wote haufiki hapo, na wanalipa rento, wanalipa fare, na wanatuma kitu ushago.

Ni point ya kweli, na haifai kupuuzwa. Lakini hiyo pesa hailiwi Nairobi. Gawanya kwa siku 30 inakuwa dola 6 na kitu, kama 800 bob kwa siku. Machi 2025 bei ya wastani ya mayai 12 huko ilifika dola 6.23, kwa sababu homa ya ndege ilikuwa imemaliza kuku. Yaani yai moja karibu 67 bob. Trei ya kwa shopkeeper wako unajua ni ngapi. Halafu ongeza rento: nusu ya wapangaji wote Marekani hulipa nyumba kwa zaidi ya asilimia 30 ya mapato yao. Rento haiwezi kungoja, stima haiwezi kungoja, gari ya kwenda job haiwezi kungoja kwa sababu miji mingi haina matatu. Kitu pekee ambacho hakipigi simu kudai ni tumbo. Ndio maana chakula ndicho hukatwa kwanza.

Na hiyo kadi ina masharti yake. Huwezi kununua sabuni nayo, wala pampers, wala pads. Huwezi kununua chakula moto. Kuku baridi kwa friji ya supamaketi, sawa, nunua. Kuku yule yule akiwa amechomwa hapo kwa kaunta na bado ana moshi, mara nyingi hapana. Sheria inadhani kila msee ana jiko, ana gas na ana masaa ya kupika.

Kuna watu watakwambia hawa ni wavivu, waende watafute mboka. Hiyo story inasikika hata hapa kwetu, si ndio? Mwaka wa 2020, GAO, ofisi inayokagua matumizi ya sirkal kwa niaba ya Congress, iliangalia watu wazima wenye mishahara ambao bado walikuwa kwa SNAP ama bima ya afya ya maskini. Karibu asilimia 70 walikuwa wanafanya kazi full-time. Na waajiri wao wakubwa? Walmart na McDonald's walikuwa kwa orodha ya juu. Fikiria hiyo vizuri. Msee anauza chakula mchana kutwa, jioni anatoka hapo akiwa hawezi kununua chakula, sirkal inamjazia kadi, na hiyo kadi anaenda kuitumia pengine kwa duka lile lile la mdosi wake. Mdosi anakula mara mbili.

Kiwango cha chini cha mshahara cha kitaifa ni dola 7.25 kwa saa. Kimekaa hapo tangu 2009. Ulikuwa class gani 2009? Majimbo mengi yamepandisha yao, lakini majimbo 20 bado yanatumia hiyo ya zamani. Masaa 40 kwa wiki yanakupa dola 290 kabla ya ushuru.

Na kama kila kitu Marekani, rangi iko ndani. Mwaka wa 2023 nyumba za watu weusi zilizokosa uhakika wa chakula zilikuwa asilimia 23.3. Za wazungu, asilimia 9.9. Nyumba zinazoongozwa na mathe peke yake na watoi zilikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Arkansas, ambako makao makuu ya Walmart yako, ndiyo iliyokuwa na hali mbaya kuliko majimbo yote katika hesabu ya 2021 hadi 2023. Hiyo sijaitunga.

Lakini kuna sehemu moja ya hii story ambayo watu wengi hawaijui, na kwangu ndiyo inamaliza mjadala wote. Mwaka wa 2021 Marekani karibu ipatie dawa.

Korona ilikuwa bado inabamba. Machi mwaka huo Joe Biden akatia sahihi sheria kubwa ya kufufua uchumi. Ndani yake kulikuwa na kitu simple sana: kuanzia Julai hadi Desemba, familia nyingi zilikuwa zinatumiwa pesa kila mwezi kwa kila mtoi. Dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, dola 250 kwa wakubwa kidogo hadi 17. Hakuna fomu ya kurasa ishirini, hakuna mtu wa ofisi wa kukuuliza kwa nini una friji. Doh inaingia tu kwa akaunti. Sambamba na hiyo, SNAP ilikuwa imeongezwa kwa dharura, na shule zilikuwa zinawapa watoi wote lunch bure.

Matokeo? Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada ya sirkal, ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka wa 2020 hadi 5.2 mwaka wa 2021. Hawajawahi kurekodi chini ya hapo. Nyumba zenye watoto zilizokosa uhakika wa chakula zilishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 12.5. Na hii ni katikati ya janga, wakati kila kitu kilifaa kuwa kinaharibika.

Kisha wakazima. Ilihitajika kura kwa Seneti iliyogawanyika 50 kwa 50, na Joe Manchin, seneta wa chama cha Biden mwenyewe kutoka West Virginia, akasema hapana. West Virginia, jimbo ambalo ni kati ya maskini zaidi huko. Malipo ya kila mwezi yakaisha Desemba 2021. Lunch ya bure kwa wote ikaisha katikati ya 2022. Nyongeza ya SNAP ikaisha mwanzo wa 2023. Umaskini wa watoto ukaruka mwaka wa 2022 hadi asilimia 12.4, zaidi ya mara mbili. Nyumba zenye watoto zisizo na uhakika wa dishi zikapanda hadi 17.3, halafu 17.9 mwaka uliofuata.

Bei za vitu zilipanda pia wakati huo, hiyo ni kweli. Lakini kitu kimoja hakikubadilika: mashamba ni yale yale, supamaketi ni zile zile, takataka zilijaa chakula vile vile. Kilichobadilika ni kwamba doh ilitolewa mfukoni mwa wazazi. Ukitaka kujua njaa ya Marekani inatoka wapi, iko hapo kwa hizo tarehe. Walijua switch iko wapi, wakaiwasha, wakaona stima inawaka, wakaizima.

Na hawakugundua juzi. Mwaka wa 1967 Robert Kennedy alienda Mississippi akaingia kwa nyumba za watu weusi na kukuta watoi wenye utapiamlo, na nchi nzima ikajifanya kushtuka. Januari 1969, Black Panthers walianza kuwapikia watoto breakfast ya bure kanisani Oakland kabla ya shule. Hao ni vijana wa mtaa, wengine hata 25 hawajafika. FBI iliona hiyo breakfast kama tishio. Miaka sita baadaye, 1975, breakfast ya shule ikafanywa programu ya kudumu ya sirkal. Benki ya chakula ya kwanza nayo ilifunguliwa 1967 huko Phoenix na jamaa anaitwa John van Hengel, ambaye alishangaa kuona chakula kizuri kinatupwa nyuma ya maduka. Wazo poa sana. Shida ni kwamba zaidi ya nusu karne baadaye benki za chakula zimekuwa sehemu ya kawaida ya maisha, mpaka mwanasiasa anaweza kukata bajeti akiwa na amani kwa sababu anajua kanisa fulani litapanga mstari.

Ndio hiyo imetokea. Julai 4, 2025, Donald Trump alitia sahihi ile sheria anayoiita kubwa na nzuri. Inapunguza ushuru, na inatoa kama dola bilioni 186 kwa SNAP ndani ya miaka 10. Sasa watu hadi miaka 64 lazima waonyeshe wamefanya mboka angalau masaa 80 kwa mwezi, hata wazazi ikiwa mtoi wao amefika 14. Wanaotetea wanasema inafundisha watu kujitegemea. Lakini msee wa vibarua haamui atapewa masaa mangapi, anayeamua ni mdosi. Ukipewa masaa 70 kwa zaidi ya miezi mitatu ndani ya miaka mitatu, umeonyeshwa mlango. Mapema mwaka huo, zaidi ya dola bilioni 1 ambazo shule na benki za chakula zingetumia kununua kwa wakulima wa karibu nazo zilifutwa.

Halafu Septemba 2025 wizara ikatangaza inaacha kutoa ile ripoti ya kila mwaka inayohesabu nyumba zisizo na uhakika wa chakula. Ndiyo, ile ile ambayo namba zangu nyingi hapa zimetoka. Imekuwepo karibu miaka 30. Walisema inagharimu sana na imejaa siasa. Kwa lugha ya mtaa, mgonjwa ana homa, tumevunja kipima joto.

Sasa wewe ambaye passport iko tayari, hii inakuhusu vipi?

Kama unaenda kusoma na visa ya mwanafunzi, SNAP si yako, sahau. Visa ya F-1 inakuruhusu kufanya kazi ya kampasi kwa masaa 20 tu kwa wiki muhula ukiendelea. GAO ilipata kwamba mwaka wa 2020 wanafunzi wa vyuo karibu milioni 3.8 hawakuwa na uhakika wa chakula, na hao ni wengi wao raia. Kitu cha kusaidia: vyuo vingi vina kastoo ka chakula kwa kampasi ambako hawaulizi mambo ya uraia. Ukifika, kaulizie wiki ya kwanza, usingoje hadi uanze kuishi kwa maji na mkate. Aibu haishibishi mtu.

Kama umeshinda green card kwa bahati nasibu, mtu mzima kwa kawaida anangoja miaka 5 kabla ya kuruhusiwa kuomba SNAP. Hiyo sheria ni ya 1996, enzi za Bill Clinton, kwa hivyo usidhani ni Trump peke yake. Na wakimbizi, wakiwemo wale wanaotoka kambi zetu za Dadaab na Kakuma, zamani walikuwa wanaanza kupata msaada huo wakifika. Sheria ya 2025 imewatoa hadi wapate green card.

Kuna pia wale tunaobaki hapa tukingoja "nimekutumia kitu." Marekani ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha pesa ambazo diaspora hutuma Kenya. Baadhi ya hizo zinatoka kwa wauguzi wa wazee, madereva wa malori, wasee wa warehouse, watu wa shift mbili. Sheria hiyo hiyo imeweka ushuru wa asilimia 1 kwa pesa inayotumwa nje kwa cash kuanzia Januari 2026. Kwa hivyo ukimtext binamu yako Dallas akakwambia "hii mwezi imekauka," usikimbilie kusema ameringa. Inawezekana anachagua kati ya kukutumia na kujaza friji.

Na kuna huku karibu kabisa. Tangu 1954 Marekani imekuwa ikinunua mazao ya ziada ya wakulima wake na kuyapeleka nchi zenye njaa. Mwaka wa 2025 USAID ikavunjwa. Karibu tani 500 za biskuti za dharura za watoto, zilizokuwa zimelipiwa tayari, zilikaa kwa stoo Dubai hadi zikaexpire, zikateketezwa. Mwaka huo huo, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa ambalo linategemea Marekani kuliko nchi nyingine yoyote, lilikata mgao wa wakimbizi hapa Kenya hadi chini ya theluthi ya kipimo kamili, na Kakuma watu wakaingia barabarani. Mathe wa Kakuma na mathe wa Mississippi hawajuani, lakini ni ofisi zile zile za Washington zilizowakatia.

Kuna majimbo ambayo yamekataa huu mchezo. California na Maine zilikuwa za kwanza kuamua watoi wote wa shule za umma wadishi bure, Minnesota ikafuata 2023. Kwingine bado kuna watoi wanaobeba deni la lunch, na kuna shule zilizowahi kumpokonya mtoto sahani ya moto na kumpa sandwich baridi mbele ya wenzake kwa sababu mzazi hajalipa. Hapa Nairobi, na shida zetu zote, Dishi na County inamlisha mtoi kwa bob 5.

Cha kuangalia sasa ni hizi tarehe. Sheria inasema kuanzia Oktoba 2026 majimbo yalipe robo tatu ya gharama za kuendesha ofisi za SNAP, badala ya nusu. Kuanzia Oktoba 2027, majimbo yenye makosa mengi ya malipo yataanza kulipia sehemu ya chakula chenyewe, kitu ambacho sirkal kuu imekuwa ikibeba peke yake. Jimbo likikosa hiyo pesa, njia zake ni mbili: kupandisha ushuru wa wapiga kura, ama kupunguza watu kwa orodha. Uchaguzi wa Congress uko katikati hapo, Novemba 2026.